Mkaratusi wetu wa Wodonga ni upi? Usianze na jani

SWALI: "Mtaalamu, habari za siku. Mimi na mume wangu tumenunua nyumba pembezoni mwa Wodonga, huku Victoria, Australia, karibu na kijito. Nyuma ya nyumba kuna mkaratusi mkubwa ajabu. Mimi, mume wangu na kijana wetu tukishikana mikono hatuumalizi kuuzunguka. Tangu Desemba unabanduka maganda, mapande mapana kama vigae, na chini yake shina ni jeupe, pengine kijivu, pengine rangi ya krimu. Jirani wa kulia anasema ni blue gum. Wa kushoto anasema ni red gum, na kwamba tuukate kabla haujatuua. Programu ya simu imenipa majina matatu kwa siku tatu. Tena chini ya shina yametoka machipukizi yenye majani mapana ya kijivu, hayafanani hata kidogo na yale marefu membamba ya juu. Je, ni miti miwili iliyoshikana? Unaumwa? Nimekulia Uvira, mikaratusi naijua tangu utoto, ila wa namna hii sijauona. Nimekutumia picha za shina, za majani na za vitunda nilivyookota chini, pamoja na sarafu pembeni. Naomba uniambie ni mkaratusi gani. Mama mkwe naye anauliza kama majani yake yanafaa kumfukizia mtoto mwenye mafua."

JIBU: Dada, asante kwa picha, na asante zaidi kwa ile sarafu. Watu wengi hunitumia picha ya jani moja limelazwa mezani, sijui ni kubwa kama kidole au kama mkono, halafu wanasubiri jina.

Nianze na yale yanayokunyima usingizi. Mti wenu hauumwi. Ni mti mmoja, si miwili. Jirani wa kushoto amepatia jina, ingawa ushauri wake wa kuukata nitaurudia mbele. Wa kulia amekosea, lakini tusimcheke, maana "blue gum" huko Australia ni jina lisilo na mwenyewe. Sydney watakuonyesha Eucalyptus saligna. Tasmania watakuonyesha Eucalyptus globulus. Queensland wapo wanaouita hivyo Eucalyptus tereticornis, ambao wengine nao wanauita red gum. Majina haya yalitolewa na wapasua mbao na wafugaji, kila mmoja na jicho lake na mahali pake. Ndiyo sababu nitakusumbua na majina ya Kilatini humu ndani. Ni majina mazito mdomoni, lakini kila moja lina mti mmoja tu.

Sasa hiyo programu ya simu. Sisemi ni mbaya, mimi mwenyewe ninayo. Shida ni kwamba ulipiga picha ya jani, nayo ikakujibu kwa jani. Mikaratusi ina spishi zaidi ya 700, na karibu zote asili yake ni Australia. Ukiongeza binamu zake wa karibu, yaani jenasi ya Angophora na ile ya Corymbia iliyotengwa mwaka 1995, hesabu inazidi kupanda. Sehemu kubwa ya miti hiyo, ikishakua, inavaa jani lile lile: refu, limepinda kama mundu, linaning'inia chini, pande zote mbili rangi moja. Hili halikuja kwa bahati. Jani lililolala chali linapigwa na jua la saa sita na kupoteza maji mengi. Linaloning'inia linalipa jua ukingo wake mwembamba mchana, kisha linapokea mwanga asubuhi na jioni kwa pande zote mbili. Jua kali na ukame vimewafundisha mamia ya spishi ujanja mmoja. Kumtambua mkaratusi kwa jani lake la utu uzima ni kama kumtafuta mtoto wako kwenye paredi ya shule kwa kuangalia sare. Rangi ya shati itakwambia ni shule gani tu.

Kwa hiyo usianze na jani. Anza na shina, kisha inama uangalie chini.

Nianze na gome, kwa kuwa ndilo lililokutia hofu. Kila mwaka shina linaongeza unene. Ndani linajengwa gome jipya, hai. Lile la nje limeshakufa, halitanuki tena. Shina likinenepa, ganda la nje linabanwa kama shati la mwaka jana mwilini mwa mtoto, nalo hupasuka. Hapo mikaratusi inagawanyika. Ipo inayoliachia ganda lidondoke kila mwaka, hasa majira ya joto, ambayo huko kwenu ni Desemba hadi Februari, ndiyo majira uliyoyataja. Hiyo hubaki na shina laini, jipya, lenye rangi nzuri kwa wiki kadhaa kabla ya kufifia kuwa kijivu. Ndiyo maana shina lako lina madoa ya rangi tatu: sehemu zimebanduka kwa nyakati tofauti. Na ipo mikaratusi inayong'ang'ania ganda lililokufa miaka na miaka. Wengine gome lao ni nyuzi ndefu unazoweza kuzivuta kwa mkono, kama makumbi ya nazi. Waaustralia huwaita stringybark. Wengine gome ni gumu, jeusi, lenye mifereji mirefu ambamo utomvu mwekundu umekaukia humo humo. Hao ni ironbark. Wengine wana vipande vidogo vidogo vya kijivu vilivyoshikamana. Hao ni box.

Kumbe ganda linalokutia hofu tayari limetufanyia nusu ya kazi. Wodonga na vilima vyake ina yellow box kwa wingi, yaani Eucalyptus melliodora, mti wa asali nzuri, lakini huo huwa na gome la kukwaruza sehemu ya chini ya shina. Milimani ina red stringybark, Eucalyptus macrorhyncha, wenye nyuzi mpaka kwenye matawi. Wako ni laini karibu kutoka ardhini, umebakiza vigae vichache tu miguuni. Hao wawili waondoke. Halafu tazama namna ganda linavyotoka. Manna gum, Eucalyptus viminalis, ambao nao hupenda kingo za maji, huchanika utepe mrefu mrefu unaobaki ukining'inia kwenye panda za matawi kama nguo zilizosahaulika kambani. Wako unadondosha vigae. Hilo peke yake halimalizi kesi, ila unaona tunakoelekea.

Machipukizi sasa. Mkaratusi una maisha mawili. Mche ukiwa mdogo, majani yake kwa kawaida ni mapana, mara nyingi yamekaa mawili mawili yakitazamana, mara nyingine hayana kikonyo kabisa na yamepakwa unga mweupe wa nta unaofutika kwa kidole. Ukikua unaacha majani hayo na kuvaa yale marefu. Lakini mti mkubwa ukikatwa, ukiungua au ukijeruhiwa, macho yaliyolala chini ya gome au kwenye lile nundu la chini ya shina huamka, na chipukizi linalotoka huanza tena utotoni, hata kama mama yake ana miaka mia mbili. Inawezekana wenye nyumba wa kwanza walikata tawi, au mashine ya nyasi imekwangua shina. Ndiyo asili ya majani yako ya kijivu. Tena usiyakate kwanza! Kwa mtambuzi ni zawadi, kwa sababu majani ya utoto hutofautiana kati ya spishi na spishi kuliko ya utu uzima. Nilisema usianze na jani; nilikuwa na maana ya jani la juu.

Sasa tuje kwenye vitunda, ambavyo ndivyo ushahidi wenyewe. Katika picha yako navyo vimetulia: vidogo, vina umbo la nusu tufe, kila kimoja na kikonyo chake, na vitatu vinapangana sawasawa juu ya upana wa sarafu ya senti 5, yaani kila kimoja ni milimita 6 hivi. Juu ya kila kimoja ukingo umeinuka, na meno manne yamechomoza nje. Umepiga pia kijiti chenye makovu ya vikonyo. Nimeyahesabu mara mbili: ni saba.

Hapo blue gum inatoka uwanjani moja kwa moja. Tunda la Eucalyptus globulus wa Tasmania huwa pweke, kubwa kama kifungo cha koti, lina vipele na mbavu nne, na halina kikonyo. Limeketi kwenye tawi kama kofia ya askari. Ndugu yake wa milima ya kaskazini mashariki ya Victoria, anayeitwa bicostata, huwa na matatu pamoja, nayo hayana vikonyo. Manna gum pia ni matatu. Saba yenye vikonyo, madogo, meno nje, shina laini, karibu na kijito: hilo ni kundi la red gum, sina wasiwasi.

Tatizo ni kwamba red gum huko kwenu ziko mbili, na zinafanana kama mapacha. Kuna river red gum, Eucalyptus camaldulensis, mti wa mito ya Australia, unaopatikana karibu kila penye mto katika bara lile. Msitu wake mkubwa kuliko yote uko Barmah, kwenye mto Murray, ukishuka mto huo huo unaopita jirani na kwenu. Na kuna Blakely's red gum, Eucalyptus blakelyi, unaopenda miteremko na mabonde yenye udongo unyevu kidogo mbali na mto wenyewe. Vitunda vyao vinakaribiana mno. Nitakwambia vitu vitatu vya kutazama, kimoja kimoja.

Kwanza yale machipukizi. Picha yako imetiwa kivuli na sioni umbo vizuri. Chuma jani la tatu au la nne kutoka chini. Likiwa la mviringo, karibu kama kifuniko cha chupa ya maziwa, Blakely's anapiga hodi. Likiwa pana chini kisha likachongoka kama ncha ya mkuki, river red gum inaongoza. Majani ya kijivu wanayo wote wawili, kwa hiyo rangi isikudanganye.

Pili, tumba la ua. Hapa nikupeleke nyuma kidogo, maana jina lenyewe la mti limetokea hapa. Ua la mkaratusi halina petali za kufunguka. Petali zimeungana zikawa kofia inayofunika kikombe. Siku ikifika kofia inadondoka, na zile nyuzi nyeupe unazoziona ni stameni, yaani viungo vya kiume vya ua. Mwaka 1777 wasafiri wa Kapteni Cook walichuma tawi katika kisiwa cha Bruny, Tasmania, nalo likapelekwa London. Mfaransa Charles Louis L'Héritier ndiye aliyeuandika huo mti na kuuita Eucalyptus obliqua. Alichanganya maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "uliofunikwa vizuri", kwa ajili ya kofia hiyo. Neno hilo limetembea: sisi tukasema mkaratusi, Waganda wakasema kalitunsi, Wanyarwanda wakasema inturusu. Kwa hiyo ukiokota kofia moja chini ya mti, umeokota chanzo cha jina la mti wa nyumbani kwenu.

Kofia hiyo ndiyo uitafute. River red gum ya upande wenu ina kofia fupi yenye mdomo: chini imevimba, juu inasinyaa ghafla ikawa ncha kama mdomo wa ndege. Blakely's ina kofia ndefu iliyochongoka polepole kama pembe, ndefu kuliko kikombe chake. Kofia zikianguka husombwa na upepo, ila ukipekua majani makavu karibu na shina msimu wa maua utazipata.

Tatu, mbegu. Hili ndilo jambo ninaloliamini kuliko yote, na nililijifunza kwa aibu. Nikiwa kijana, kazi yangu ya kwanza upande wa Morogoro, niliandika kibao cha "camaldulensis" kwenye kitalu kizima cha miche, nikakipaka na rangi vizuri. Mzee mmoja mkusanya mbegu, ambaye hakuwahi kukaa darasani kwa habari ya misitu, akaja na tunda mkononi, akalikung'uta kwenye kiganja changu, akaniuliza: "Bwana mdogo, mbegu nyeusi hizi za nani?" Zilikuwa za tereticornis. River red gum karibu peke yake katika ukoo huo ina mbegu za rangi ya asali, njano inayoelekea kahawia, kwa kuwa zimevaa maganda mawili. Tereticornis na Blakely's mbegu zao ni nyeusi au kahawia iliyokoza.

Vitunda ulivyookota chini vimeshamwaga mbegu zote, usihangaike navyo. Ngoja upepo uangushe kijitawi chenye vitunda vya kijani vilivyofungwa bado, au muombe kijana wako afikie tawi la chini kwa ngazi fupi, wewe ukishika ngazi. Vitie kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki kwa sababu vitaoza, uiweke dirishani penye jua. Baada ya siku chache meno yatafunguka. Mimina kwenye sahani nyeupe. Utaona vumbi jingi la rangi ya kutu, jepesi, ambalo si mbegu bali ni mayai ambayo hayakurutubishwa. Katikati yake ndimo zimo mbegu zenyewe, chache, ndogo kuliko za mchicha. Tumia kioo cha kukuzia au kamera ya simu uvute karibu.

Zikiwa za rangi ya asali, una Eucalyptus camaldulensis, na unaweza kumwambia jirani wa kushoto kwamba alikuwa sahihi. Zikiwa nyeusi na kofia ni ya pembe, ni Blakely's. Ukipata mchanganyiko, yaani mbegu inasema hivi na kofia inasema vile, usidhani umekosea. Spishi za karibu za mikaratusi huzaliana, na miti chotara ipo porini, hasa bonde linapokutana na mlima. Hapo mtu mkweli hutoa jina la kundi, akanyamaza.

Kama unataka kwenda mbali zaidi bila kunisubiri, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, CSIRO, ina ufunguo wa utambuzi wa bure mtandaoni unaoitwa EUCLID. Unauliza gome likoje, matumba mangapi, kofia ina umbo gani, na unafuta spishi moja moja. Ni wa Kiingereza, lakini kijana wako wa shule ataufurahia. Na kama mnataka jibu lenye muhuri, hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya bustani ya mimea ya Melbourne ni mahali pa kuuliza. Tawi moja lenye majani ya juu, matumba, vitunda na kipande cha chipukizi, likaushwe kati ya magazeti, na uandike palipotoka. Jani tupu hata wao hawatalipenda.

Umesema mti wa namna hii hujauona, nawe umekulia Uvira. Nina wazo ambalo huenda likakushangaza. Mikaratusi tuliyokua nayo sisi ni miti ya kuni na nguzo: imepandwa kwa mistari, inakatwa ingali michanga, inachipua tena, inakatwa tena. Sisi tumewajua watoto tu. Milimani kwetu wamepanda sana globulus, saligna na grandis, lakini mabonde yenye joto na ukame Afrika Mashariki na ya Kati yamepandwa camaldulensis kwa miaka mingi, na bonde la Ruzizi, la kwenu Uvira, Kongo, ni la joto. Mti ulio nyuma ya nyumba yako unaweza kuwa ndugu wa damu wa ule mliokuwa mkiokota kuni chini yake, ila huu umeachwa uzeeke kwao, ukapinda, ukanenepa, ukatoboka matundu. Tena jina lake halikutoka Australia. Friedrich Dehnhardt aliuandika mwaka 1832 kutokana na mti uliopandwa katika bustani ya Camaldoli, karibu na Naples, Italia. Mzaliwa wa Murray, jina la Italia, na leo anafukiwa tanuri la mkaa Kongo. Wakimbizi si sisi peke yetu.

Sasa tuje kwa shoka la jirani wa kushoto.

Hadanganyi. Red gum kubwa huangusha matawi, na haingoji dhoruba. Mara nyingi ni mchana wa joto kali, hewa imetulia, hakuna jani linalotikisika, na tawi nene kama mapipa linakatika. Wanasayansi bado wanabishana juu ya sababu, lakini jambo lenyewe halina ubishi, na Waaustralia wana jina la utani kwa miti hiyo lenye maana ya mfanya wajane. Kwa hiyo bila kujali mbegu zitasema nini, fanyeni haya leo: msiegeshe gari chini yake, msifunge bembea ya watoto kwenye tawi lake, na meza ya chakula cha nje ihamishwe. Ikiwezekana, eneo lote lililo chini ya matawi lifanyeni bustani ya maua na majani makavu, pasiwe mahali pa kukaa. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya joto, maana maganda na majani yake makavu hushika moto upesi sana.

Kukata kabisa ni uamuzi mwingine. Mti huu, kama ni mnene kiasi ulichosema, una miaka mingi kuliko mji wa Wodonga wenyewe, pengine. Matundu ya red gum ndiyo nyumba za kasuku na wanyama wengine, nayo huchukua zaidi ya miaka mia kutokea. Huwezi kupanda tundu. Pia mizizi yake imezoea kuinyonya maji na kuikausha ile ardhi ya mfinyanzi. Ukiuondoa ghafla udongo huvimba, na nyumba yenye msingi mwepesi inaweza kupata nyufa. Kwa upande wa pili, mti mkubwa ulio mita tatu kutoka chumba cha watoto, wenye ufa kwenye panda kuu, siwezi kukushauri uuache eti kwa sababu ya kasuku. Kati ya hayo mawili ipo njia: kupunguza matawi mazito yaliyoelekea nyumba, kazi ya mtu mwenye ujuzi, si ya mtu mwenye msumeno.

Mimi kwa picha siwezi kukwambia mti ni salama, na asikudanganye mtu mwingine kwa picha. Itafuteni huduma ya mkaguzi wa miti mwenye cheti cha ngazi ya 5, aje auzunguke, aandike ripoti. Ni vizuri asiwe yule yule anayeuza kazi ya kukata. Mwenye nyundo huona misumari kila mahali. Msingoje kama mnaona uyoga unaota kwenye shina au kwenye mizizi, ufa mpya kwenye panda, udongo umeinuka upande mmoja, mti umeanza kuegemea, au majani yanakauka kuanzia kileleni. Hivyo ndivyo dalili za ugonjwa. Ganda linalobanduka halimo. Wala havimo vile vijisahani vyeupe vyenye utamu mnavyoweza kuviona juu ya majani: ni nyumba za wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na ndege watavila.

Na kabla ya msumeno wowote, pigeni simu kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Miti ya asili Victoria inalindwa kwa sheria, masharti hutofautiana mahali na mahali, na faini haiulizi kama ulijua. Jambo moja zaidi la kuangalia: zungukeni shina mtafute kovu refu la umbo la yai, lisilo na gome, lenye midomo iliyovimba pembeni. Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa wakibandua gome la red gum kwa mitumbwi, ngao na vyombo vya kubebea, na makovu yake yapo mpaka leo. Makovu mengine ni ya moto au ya tawi lililovunjika, lakini mkiona la namna hiyo msiliguse. Linalindwa na sheria ya urithi wa Waaborijini ya mwaka 2006, na kaunsili watawaelekeza kwa wenyewe.

Mama mkwe nimemweka mwisho, naomba radhi kwake, shikamoo mama. Kumfukiza mtoto kwa majani haya sikushauri. Mafuta ya dukani yanayofungua pua yanatoka zaidi kwa globulus, na huko Victoria kwa mkaratusi mdogo wa vichakani uitwao polybractea. Kwa red gum za kusini kiasi chake ni kidogo, kwa hiyo mtoto atapata mvuke tu. Na mvuke wenyewe ndio hatari: sufuria ya maji ya moto chini ya shuka, na mtoto anayetapatapa, imeunguza watoto wengi. Mafuta yenyewe yakinywewa, hata kijiko kidogo, yanaweza kumpa mtoto mdogo degedege, kwa hiyo chupa ikae juu kabisa. Ikitokea amekunywa, Australia nzima namba ya sumu ni 13 11 26. Mafua ya kawaida yatapita kwa maji, kupumzika na kusafishwa pua. Akipumua kwa shida au akikataa kunyonya, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Weka basi ile bahasha dirishani. Mbegu zikimwagika, zipige picha juu ya sahani nyeupe, na sarafu pembeni kama ulivyofanya, pamoja na jani la chipukizi lililolazwa vizuri juani. Zikiwa nyeusi nitafuta nusu ya niliyoyasema kuhusu Ruzizi, na tutaanza upya na Blakely's.